Kengele inaongea na nani?

Kengele ya baiskeli haimwambii dereva wa lori kitu. Amekaa juu, vioo amevipandisha, dizeli inanguruma chini ya miguu yake na redio inaimba. Piga mpaka gumba liote sugu, lori litakupita tu. Kila anayekanyaga pedali kwenye barabara ya Busia kwenda Bugiri, mashariki mwa Uganda, analijua hili. Hata hivyo zitazame baiskeli zenyewe zikiwa zimeegeshwa stendi: usukani una kengele mbili na vioo viwili, madigadi ya mbele imepambwa kwa maua ya plastiki, lakini ukizunguka nyuma hukuti hata kipande cha rifleta, kile kinachorudisha mwanga wa taa za gari, na raba za breki zimelika hadi kwenye chuma.

Si uchoyo unaoleta hali hii, wala si uzembe peke yake. Vifaa hivi vyote hutiwa kwenye kapu moja linaloitwa "usalama", kana kwamba kila ukiongeza kimoja umekuwa salama kidogo zaidi popote ulipo. Sivyo vinavyofanya kazi. Kengele huongea na mwenye miguu. Taa na rifleta huongea na mwenye injini. Breki hazina wa kuongea naye ila wewe na mzigo wako. Anayepeleka matoke gulioni saa kumi na moja alfajiri hana hatari sawa na anayebeba abiria katikati ya mji wa Mbale saa sita mchana, na pesa ya kwanza ya spea haipaswi kwenda mahali pamoja.

Ndani ya kikombe cha kengele

Hati ya kwanza ya ubunifu wa kengele ya baiskeli huhesabiwa kuwa ya John Richard Dedicoat wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1877. Kengele tunayoijua sisi, ile ya chuma inayokuja na baiskeli nzito za Hero na Phoenix, ina kikombe cha juu kinachong'aa na kijiti cha kusukuma kwa gumba. Wengi huitumia miaka bila kuifungua hata mara moja, ikinyamaza wanaiacha hivyo hivyo. Kuifungua hakuhitaji spana. Shika kikombe kwa kitambaa kikavu, kizungushe kinyume cha saa, kitatoka.

Chini yake utaona sahani ndogo iliyoshikwa na mshipi wa chuma unaozunguka bomba la usukani. Upande wa ndani wa kijiti una meno. Ukisukuma, meno hayo huzungusha gia ndogo, nayo huzungusha nyingine, na ya mwisho imebeba ubapa wenye washa mbili, yaani vijiduara vya chuma vyenye tundu katikati, zilizolegea kwenye misumari yake. Kulegea huko ni kwa makusudi. Ubapa ukizunguka kwa kasi washa hurushwa nje, zikagonga vinundu vilivyo ndani ya kikombe, zikarudi, zikagonga tena. Ndiyo maana kengele hii hutoa mlio mrefu wa kuviringika, tofauti na kengele ndogo za nyundo moja zinazolia mara moja na kunyamaza. Springi nyembamba hurudisha kijiti mahali pake.

Kikombe chenyewe kimeshikwa mahali pamoja tu, katikati, na kinalia kwa sababu ukingo wake wote uko huru. Gonga sufuria tupu huku umeshika mdomo wake, utasikia mlio umekufa. Kengele nayo ni hivyo. Kwa hiyo kabla hujasema imeharibika, tazama kinachogusa ukingo: fito ya breki iliyopinda kidogo, kikapu cha mbele, au kaveera, mfuko wa plastiki, ya nyanya iliyoning'inizwa kwenye usukani. Mara nyingi kusogeza kengele sentimita moja kunatosha.

Kosa la pili ni grisi. Fundi aliye na haraka huchovya kidole kwenye kopo la grisi na kuipaka kengele yote ndani, na kwa siku mbili inakwenda laini ajabu. Kisha vumbi jekundu la murram linaingia, linachanganyika na grisi, linakuwa uji mzito unaokamata gia na kuzigandisha washa kwenye misumari. Dawa yake ni mafuta ya taa na mswaki wa zamani: sugua gia, sugua chini ya washa, futa, acha ikauke juani. Halafu weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila msumari wa gia. Washa zenyewe usizipake kitu. Zinatakiwa kuwa kavu na kuchezacheza. Ukitikisa kengele ikiwa wazi uzisikie zikigongana.

Kijiti kikilala na kisirudi, springi imechomoka kwenye ndoano yake au imekatika. Iliyochomoka unairudisha kwa koleo nyembamba. Iliyokatika, usihangaike nayo. Kengele ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa dukani, nunua nyingine na ile ya zamani ibaki nyumbani kama akiba ya washa na kikombe. Maana kikombe hupotea. Mtikisiko wa barabara mbovu hukifungua polepole mpaka siku moja kinarukia vichakani, na ndiyo sababu ya zile kengele nyingi unazoziona zimebaki sahani na gia tu. Kabla ya kukirudisha, zungusha nyuzi mbili tatu za uzi wa kushonea kwenye skrubu ya katikati, kisha kaza kwa mkono. Uzi unajaza nafasi na skrubu haifunguki kwa mtikisiko.

Mshipi nao huteleza kwenye bomba lenye kromi, kengele ikageuka kuangalia chini. Kata ukanda wa tyubu ya zamani wenye upana wa mshipi, uzungushe kwenye bomba, funga kengele juu yake. Kabla hujakaza kabisa, kaa kwenye siti, shika vishikio kama unavyoshika ukiwa safarini, vidole viwili vikiwa tayari kwenye breki. Gumba lifike kwenye kijiti bila kiganja kuachia kishikio. Kengele ambayo lazima uhamishe mkono kuifikia ni kengele inayokuondoa kwenye breki wakati ule ule unaozihitaji. Kengele nyingine zimeundwa kwa gumba la kulia tu na ukizifunga kushoto inakubidi uvute kijiti kwa ncha ya kidole, kwa hiyo jaribu pande zote mbili ukiwa bado dukani.

Kupiga mapema

Baiskeli kwenye tambarare hukimbia kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Kwa kasi ya 15 unamaliza mita 4 na kidogo kila sekunde. Mtu mwenye afya asiye na mzigo anahitaji kama sekunde moja kusikia na kuelewa, na nyingine moja au mbili kusogea. Ukimpigia ukiwa mita 5 nyuma yake unamshtua tu, na anaanza kusogea wakati tayari uko ubavuni mwake; wengine husogea kuja upande wako. Piga mara mbili fupi ukiwa mita 15 hivi, halafu acha kukanyaga na utazame bega lake. Bega likigeuka, amesikia. Lisipogeuka, punguza mwendo, pengine ana simu sikioni.

Mama aliyejitwika beseni la samaki kichwani anahitaji hesabu nyingine. Anasikia vizuri kama mtu yeyote, lakini shingo haiwezi kugeuka na hatua ya ghafla pembeni itamwaga biashara ya siku nzima. Akiendelea kunyooka usidhani anakudharau. Amekusikia na amechagua njia moja ya kukusaidia: kutobadilisha mstari. Mpite kwa kulia na umwachie nafasi ya mkono ulionyooshwa.

Watoto hugawanyika pande mbili za njia, na mlio wa ghafla humfanya aliye peke yake akimbilie kwa wenzake, yaani akukatie mbele. Hapo kengele ipigwe mbali zaidi, na mkono uwe tayari kwenye breki. Na mbuzi: ukimwona upande mmoja wa njia, usipige kengele mpaka umekiona kigingi chake. Kigingi kikiwa upande wa pili, kengele itamshtua, atakimbia, kamba italala hewani kwenye usawa wa uma wa mbele, nawe utaruka juu ya usukani bila mtu kukugusa.

Kuna wanaopendelea honi ya mpira, ile ya kubonyeza. Mlio wake ni mzito na mpana, wenye mahali pake sokoni penye kelele, lakini mpira wake hupasuka ukikaa juani na ulimi wa shaba ndani yake huziba vumbi. Honi za betri zina sauti kubwa kuliko zote siku ya kwanza. Mvua ya kwanza ikiingia kwenye swichi, ama zinanyamaza ama zinalia bila kukoma. Kwa matumizi ya kila siku kengele ya chuma inazishinda zote mbili, kwa sababu mvua haiiui na fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua.

Anayekuja nyuma yako

Uganda imekaa juu ya mstari wa ikweta, na jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa moja usiku mwaka mzima. Giza lake halina subira: ndani ya dakika ishirini hivi baada ya jua kuzama rangi za nguo zimekwisha. Huo ndio wakati watu wanatoka sokoni, shuleni na kazini. Baiskeli zinakaa kushoto, magari yanazipita kwa kulia, na hatari iliyo kubwa kuliko zote inakuja kutoka mahali usipoweza kupaona.

Taa za gari zikiwa zimeinamishwa, mtu aliyevaa nguo nyeusi au kahawia huonekana akiwa umbali wa mita 30 hivi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva anatumia sekunde moja na nusu kutambua na kuhamisha mguu, hizo ni mita 33, na bado hajaanza kupunguza mwendo. Amekwisha kukufikia. Akikanyaga breki kwenye lami kavu anahitaji mita nyingine 35 au zaidi. Kwa hiyo anatakiwa akuone kutoka mita 70 kwa uchache, na hakuna nguo ya kawaida itakayofanya hivyo. Rifleta safi hufanya hivyo, tena kwa zaidi ya mita 100.

Watu wengi huchanganya mambo mawili hapa. Ile rangi kali ya njano-kijani au chungwa ya vizibao hufanya kazi mchana, kwa sababu hugeuza sehemu ya mwanga wa jua tusiyoiona kuwa mwanga tunaouona. Usiku hakuna jua, na rangi hiyo inakuwa nguo tu. Kinachofanya kazi usiku ni ile mistari ya kijivu iliyoshonwa juu yake, ambayo hurudisha mwanga kule kule ulikotoka, kwenye macho ya dereva. Kizibao chenye rangi kali lakini mistari iliyochubuka kwa kufuliwa kimebaki na kazi ya mchana peke yake. Kijaribu hivi: weka tochi kando ya jicho lako, kimulike kikiwa hatua ishirini mbali. Mistari isipowaka kama macho ya paka, kimekwisha.

Sasa kwa anayebeba abiria: kizibao chako hakionekani kutoka nyuma. Mgongo wa abiria umekifunika. Ama abiria avae yeye, ama rifleta ziwe kwenye baiskeli yenyewe, chini ya keria. Kwa mwenye gunia la mkaa ni vile vile. Gunia hushuka mpaka usawa wa ekseli na kumeza rifleta nyekundu ya madigadi yote. Funga rifleta ya pili kwenye kamba ya mwisho ya mzigo, ikitazama nyuma moja kwa moja. Rifleta iliyoinama kuangalia angani au ardhini hairudishi mwanga inavyotakiwa, na iliyopakwa tope hairudishi chochote. Kidole kilicholowa mate kinatosha kuisafisha, nusu dakika, kila jioni.

Zile rifleta za kwenye spoku ni nzuri kwenye njia panda, gari linapokuja kutoka ubavuni. Kwa lori lililo nyuma yako hazisaidii. Za kwenye pedali ndizo zenye thamani kubwa kuliko ukubwa wake: zinapanda na kushuka, na dereva anajua papo hapo kwamba anaona mtu kwenye baiskeli, si kigingi cha barabara. Pedali zako kama hazina, bandika kipande cha ukanda wa rifleta, ule wa kwenye malori, nyuma ya kila pedali na kipande kirefu kwenye madigadi. Chuma kioshwe kwanza kwa petroli kidogo na kikauke. Ukanda uliobandikwa juu ya vumbi hubanduka wiki hiyo hiyo.

Taa zina lugha moja duniani kote: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ukifunga nyeupe nyuma, dereva atadhani unakuja kumkabili. Kama pesa inatosha taa moja tu, wengi hununua ya mbele ili waone mashimo. Kwenye njia ya kijijini isiyo na magari wako sahihi. Kwenye barabara kuu, ya nyuma ndiyo ianze.

Dinamo ya zamani, ile chupa ndogo inayosuguana na tairi, hutoa volti 6 na wati 3: wati 2.4 za balbu ya mbele na 0.6 za nyuma. Mgawo huo ndio chanzo cha lalamiko moja la kila siku kwa mafundi, kwamba taa ya nyuma "inaungua ovyo". Haiungui ovyo. Balbu ya mbele ikikatika, umeme wake wote unakimbilia balbu ndogo ya nyuma, nayo inaungua baada ya muda mfupi. Badilisha zote mbili, na ya mbele ndiyo uichunguze. Umeme wa dinamo hurudi kupitia fremu, kwa hiyo mahali inapofungwa pakiwa na rangi au kutu, taa hufifia au kuzima. Kwangua rangi chini ya skrubu mpaka chuma kionekane. Ekseli ya dinamo ielekee katikati ya gurudumu, la sivyo inakula ubavu wa tairi. Na ukisimama, taa inazima. Kwenye njia panda yenye giza dinamo imekuacha peke yako, na hapo rifleta tena ndiyo inayobaki.

Taa za betri za LED zimeondoa shida hiyo. Inayomweka-mweka huonekana upesi, ila dereva hupata taabu kukadiria umbali wake penye giza totoro, kwa hiyo barabarani nje ya mji iache iwake mfululizo. Tochi ya kawaida iliyofungwa kwenye usukani kwa ukanda wa tyubu inafaa kabisa kuwa taa ya mbele. Ielekeze mwanga wake uguse ardhi mita 6 hivi mbele yako. Ukiinua zaidi unampofusha anayekuja, na mtu aliyepofushwa hukujia moja kwa moja.

Breki, na mzigo unaozishinda

Baiskeli nzito za inchi 28 zina breki za fito. Ukivuta, fito hupandisha chuma chenye umbo la U, na raba zake mbili hugusa rimu kutoka ndani, upande wa spoku. Ni breki imara, zisizo na waya wa kukatika, na zinaweza kurekebishwa na mtu mwenye spana moja. Udhaifu wake ni maji. Rimu ya chuma yenye kromi ikilowa, raba huteleza juu yake kama sabuni.

Tupige hesabu. Kwa kilomita 30 kwa saa kwenye mteremko mdogo, sekunde yako ya kwanza ya kushtuka inakula mita 8. Breki nzuri kwenye rimu kavu zitakusimamisha kwa mita nyingine 12 hivi. Rimu ikilowa, hizo 12 zinaweza kuwa 35. Ongeza jerikani tatu za lita 20, yaani kilo 60 za maji: nguvu ya mkono wako ni ile ile, uzito umekaribia kuwa maradufu, na umbali wa kusimama nao unakaribia kuwa maradufu. Hakuna kengele itakayokuokoa hapo. Mvua ikinyesha, gusa breki kidogo kidogo kila baada ya muda hata kama hutaki kusimama. Raba zinafuta maji kwenye rimu, na utakapozihitaji zitashika kwa mzunguko wa kwanza.

Kurekebisha kunaanzia kwenye spoku, siyo kwenye breki. Gurudumu la mbele la baiskeli hizi lina spoku 32, la nyuma 40. Mbili tatu zikikatika rimu huanza kuyumba, raba zikagusa upande mmoja, na fundi mvivu huzisogeza mbali ili zisisugue. Sasa unavuta mpaka mwisho na baiskeli haisimami. Badilisha spoku, nyoosha rimu, ndipo raba ziletwe milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye rimu. Ukivuta kwa nguvu, kijiti cha breki kisigonge usukani. Vidole viwili viweze kuingia katikati. Kisha simama kando ya baiskeli, vuta breki ya mbele, isukume mbele kwa nguvu zako zote. Gurudumu likizunguka, kuna nati ya fito inayoteleza. Fanya hivyo hivyo kwa ya nyuma.

Raba zenyewe hukaa kwenye kiatu cha chuma chenye upande mmoja uliozibwa. Upande huo ukae kule rimu inakoelekea gurudumu linapokwenda mbele. Ukigeuzwa, rimu itaiburuta raba na kuichomoa siku ya kwanza utakapovuta kwa hofu, na chuma kitupu kitabaki kikikwaruza. Kosa hili ni dogo kulitazama na linafanyika sana, hasa mtu anapojibadilishia mwenyewe gizani. Kipande cha kandambili badala ya raba ni laini mno: kinaisha kwenye mteremko mmoja mrefu. Na breki ya kisigino, ya kukanyaga tairi, haina hesabu ya kuieleza. Ni kubahatisha kwa soli ya kiatu.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu ukipunguza mwendo uzito husogea mbele. Wengi huiogopa na kuiacha ikatike. Tumia zote mbili, ya nyuma ikitangulia kidogo. Lakini mzigo uliopita nyuma ya ekseli, kama mikungu ya matoke iliyopangwa mpaka mwisho wa keria, huinua gurudumu la mbele na kulinyima mshiko. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, na hiyo ndiyo dalili. Songeza mzigo mbele mpaka usukani uwe na uzito tena. Na ile miteremko ya kushuka kutoka Kapchorwa, au ya Kabale, mwenye mzigo huishuka kwa miguu, ameshika usukani na siti. Wazoefu wanafanya hivyo bila haya.

Helmeti

Helmeti ina sponji ngumu ndani inayosagika mara moja ili kichwa kisisagike. Ikishapata pigo kubwa haifai tena, hata kama ganda la nje halina alama. Ndiyo maana za mitumba, kama zile za soko la Owino jijini Kampala, zinataka macho: zibonyeze pande zote mbili usikilize mlio wa ufa, tazama ndani kama sponji ina mstari, tafuta lebo ya EN 1078 au CPSC, alama za viwango vya helmeti za baiskeli vya Ulaya na Marekani. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya masikio, kidole kimoja au viwili tu vipite kidevuni. Helmeti ya wajenzi haifai, imeundwa kwa kitu kinachodondoka kutoka juu. Ya pikipiki inalinda vizuri ila joto lake litakushinda kwenye mlima wa kwanza, utaivua na kuitundika kwenye usukani.

Abiria

Biashara ya boda boda ilianza kwa baiskeli, pale mpakani Busia, watu na mizigo yao wakivushwa kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Keria yenye mto juu yake imebaki Tororo, Mbale na miji mingine ya mashariki na kaskazini, na jeraha lake la kawaida halihitaji gari. Ni kisigino cha mtoto kinachoingia kwenye spoku za nyuma. Mguu wa mtoto haufiki popote pa kukanyaga, unaning'inia, unachoka, unarudi ndani. Gurudumu linauvuta mpaka kwenye bomba la fremu. Huvunja mfupa na kuchana ngozi kwa pamoja.

Kinga yake ni vitu viwili. Kwanza vyuma vya kukanyagia, kimoja kila upande wa ekseli ya nyuma, vyenye urefu wa sentimita 10 hivi na vilivyofungwa kwa nati ya pili ili visizunguke. Kwa mtoto mfupi fundi avichomelee juu zaidi, kwenye miguu ya keria, mahali nyayo zake zinapofika kweli. Pili, funika spoku kuanzia keria hadi ekseli, pande zote mbili: plastiki ngumu iliyokatwa kwenye jerikani kuukuu inafaa, ikitobolewa pembeni na kufungwa kwa waya kwenye keria na madigadi. Iache nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye spoku ili isisugue, na ncha za waya zipinde nje ya njia ya gurudumu.

Kifuniko hicho hicho ndicho kinachookoa nguo. Mama aliyevaa gomesi, lile gauni refu la heshima la Uganda, hukaa upande mmoja, na ncha ya mshipi wake mpana huning'inia karibu kabisa na gurudumu. Kabla ya kukanyaga pedali mwambie, "Mama, kunja mshipi uulalie," na usubiri mpaka amemaliza.